Kumcheulisha Mbuzi

Gluku.

Ilianzia chini kabisa, tumboni, ikapanda shingoni kama mtu anayemeza tonge la ugali kinyumenyume. Halafu kimya kidogo, kama cha mgeni anayeshangaa kuletewa sahani ya pili wakati ya kwanza hakumbuki hata aliila lini. Halafu meno: nyacha, nyacha, nyacha, taya la chini likienda upande kwa upande, si juu na chini kama letu. Mwisho, gluku nyingine, tonge likirudi lilikotoka. Nyimbo nilizojifunza shuleni nyingi nimezisahau, lakini sauti hii nikifumba macho naisikia.

Ilikuwa inapita ukutani. Nyumba ya bibi yangu, mama yake mama, iko Kinole, milimani juu ya Morogoro, imekaa kwenye mteremko kama mtu aliyekalia kigoda kibovu. Ukiangusha limau jikoni, nenda kaliulize kwa jirani wa chini. Banda la mbuzi tulilijenga limeegemea ukuta wa jiko, limeinuliwa juu ya nguzo ili mavi yadondoke chini yenyewe, na ukuta wenyewe ni wa fito na udongo. Kwa hiyo ukikaa kwenye kigoda pale karibu na mafiga na kuegemeza mgongo, ulikuwa unamsikia mbuzi kama mnalala chumba kimoja. Bibi, ambaye hajawahi kuacha swala, alikuwa akiisikia ile nyacha nyacha ya mchana anasema, "Mwenzio huyo, anavuta uradi." Nikamwambia bibi hiyo ni kufuru. Akasema kufuru ni mimi niliyelala mpaka jua limetoka wakati mbuzi ameshaamka.

Niseme kwanza nilivyoyajua matumbo, maana watu huwa wanadhani nilisomea.

Sikusomea. Niliishia kidato cha nne na matokeo yangu niliyapokea kama watu wanavyopokea taarifa ya msiba, kwa heshima na bila maswali. Baada ya hapo nilikwenda Morogoro mjini kumsaidia mama mmoja muuza supu karibu na soko. Yeye alipika, mimi niliosha. Na nilichokuwa naosha ni utumbo. Asubuhi unaletewa ndoo, ndani yake ng'ombe mzima kasoro ng'ombe mwenyewe, na unatakiwa uutoe ukiwa mweupe unaoweza kuwekwa mbele ya mtu aliyevaa tai.

Ng'ombe ana matumbo manne, na mbuzi vilevile, na kila tumbo lina sura yake. La kwanza, kubwa kuliko yote, ndilo wateja wanaloliita taulo, kwa sababu ndani lina vinyweleo vya nyama kama taulo ya hotelini, ingawa nimefua taulo nyingi na hakuna iliyowahi kunuka vile. La pili ni dogo, lina vyumba vyumba, sisi tuliliita sega, na kweli ukilitazama utafikiri nyuki wamehama jana. La tatu ni kitabu. Ndiyo jina lake hasa, kitabu, maana lina kurasa nyembamba zilizopangana, na kila ukurasa una mchanga wake. Mimi ambaye shuleni sikuwahi kumaliza kitabu hata kimoja, kwa yule mama nilikuwa namaliza kitabu kila asubuhi, ukurasa kwa ukurasa, kwa chumvi na ndimu. La nne ni laini, linateleza, halikuwa na jina la mtaani. Mama wa supu aliliita "na hilo jingine."

Nilipokuwa naosha nilikuwa naota ndoto. Huo ndio ugonjwa wangu, nikipewa kazi ya mikono tu, kichwa kinaondoka. Niliota nina kiwanda. Si cha utumbo, hapana, nilishatosheka. Cha maziwa ya mbuzi. Mtindi mzito kwenye vikopo vyenye picha ya mlima, nawapelekea wanafunzi wa chuo cha Mzumbe ambao wanasoma mpaka macho yanauma na kula chipsi mpaka tumbo linauma zaidi. Kiwandani mwangu kulikuwa na marumaru nyeupe na mimi nimevaa koti jeupe na kofia ya wavu. Mama wa supu alipohamia Dodoma kumfuata mumewe, nilipanda mlimani kwa bibi na begi langu na kiwanda changu kichwani.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mjomba ana sauti juu yako kuliko baba, na mjomba wangu sauti hiyo hakuwahi kuiacha ipate kutu. Alinisikiliza habari ya kiwanda mpaka mwisho. Akasema mtindi wa mbuzi unanuka beberu na hakuna mwanafunzi atakayeununua labda awe na mafua. Wiki iliyofuata akashuka kwenye njia ya migomba anamvuta mbuzi jike, chotara wa mbuzi wa maziwa, mweupe, ana ndevu kuliko mjomba mwenyewe. Akanikabidhi kamba. Hakusema neno zaidi ya kwamba kamba ni yake, nikipata yangu nimrudishie.

Yule mbuzi nilimpenda kipuuzi. Nilimkatia majani, nikamletea majani ya mdimu wakati wa joto, nikamsimulia mambo ya marumaru. Na kwa sababu nilikuwa nimeosha matumbo ya wenzake kwa muda mrefu, nilitaka kujua yakiwa hai yanafanya nini humo ndani. Kuosha nyumba iliyohamwa si sawa na kukaribishwa wenyewe wakiwepo.

Aliyenikaribisha ni bwana mifugo. Bwana mifugo wetu ni mwanamke, kijana, mwembamba, anaendesha pikipiki kwa kasi inayowafanya kuku wa Kinole wamjue kwa sauti, lakini watu bado wanamwita bwana mifugo kwa sababu hawajaona haja ya kubadilisha. Alipokuja kuchanja mbuzi wa kitongoji nilimng'ang'ania na maswali. Akaniuliza, "Unafikiri mbuzi wako anakula nini?" Nikasema majani. Akasema hapana.

"Mbuzi hali majani. Mbuzi anafuga, kama wewe."

Akanieleza kwamba lile tumbo kubwa, taulo, ni kama zizi lenye maji ya moto. Ndani yake wamo vijidudu wasioonekana kwa macho, wengi wasiohesabika, na wao ndio wanaoyala majani. Mbuzi peke yake hawezi jani, kama mimi nisivyoweza. Wale vijidudu wanayachachua, wanayavunja, wanatoa vile vinavyompa mbuzi nguvu, na mwisho wa yote wao wenyewe wanateremshwa, wanapita kwenye kitabu wanakamuliwa maji, wanafika kwenye lile tumbo la nne, "na hilo jingine," ambalo ndilo tumbo kama letu, na humo wanayeyushwa wakiwa nyama. Nilihuzunika kidogo kwa ajili yao. Kulishwa vizuri namna ile, kumbe safari ni ya machinjioni. Lakini nilijisikia mkubwa pia. Mpaka siku ile nilikuwa naamini nafuga mbuzi mmoja, kumbe mimi ni mfugaji wa mfugaji.

Akasema mbuzi anapokula, anakula kama mgeni wa harusini asiyealikwa: anafakamia haraka, hatafuni, anajaza, maana porini mtu anaweza kutokea na meno makali wakati wowote. Akishafika mahali pa usalama anakaa chini, anaanza kulirudisha tonge moja moja mdomoni, analitafuna kwa raha zake, analimeza tena. Huko ndiko kucheua. Ile gluku. Na kwa kuwa humo ndani kunachacha kama chungu cha togwa, kunatoka hewa, na hewa hiyo lazima itoke kwa mdomo, mbuzi anabeua mchana kutwa bila kuomba radhi. Chungu kikichacha bila kupumua kitapasuka. Akanishika mkono, akaniwekea ngumi kwenye ubavu wa kushoto wa mbuzi, pale penye shimo nyuma ya mbavu. Nikasubiri. Tumbo likanisukuma mkono polepole kama mtu anayegeuka usingizini. Nilitaka kulia, lakini bwana mifugo alikuwa ana haraka.

Kabla hajaondoka alisema pia kwamba wataalamu wanasema mbeuo wa ng'ombe na mbuzi unachangia kuongeza joto la dunia. Bibi aliyekuwa anaanika karafuu akasimama wima.

"Dunia nzima hii, na magari yake yote," akasema, "wamekosa wa kumsingizia wamemwona mbuzi wa mjukuu wangu."

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Masika yalikuwa yameshika, ukungu unashuka mpaka mlangoni, na bibi alikuwa amepunguzia maharage yake yaliyobanana. Miche aliyoing'oa, laini, mibichi, inachuruzika maji, aliirundika nyuma ya banda. Mbuzi wangu, ambaye alikuwa na mimba ya kwanza na hamu ya watu wawili, alisukuma ufito uliolegea, akapitisha shingo, halafu bega, halafu kilichobaki. Tulipomkuta alikuwa amesimama katikati ya vishina kama mgeni wa mwisho kwenye turubai, maharage yote ameyamaliza. Tukacheka. Nilimrudisha bandani, nikakaza ufito, nikaenda kumenya ndizi.

Nilikaa kwenye kigoda changu, nikaegemea ukuta. Nikamenya. Kuna kitu kilikuwa kinanisumbua, nikafikiri ni kisu butu, nikafikiri ni moshi. Ilinichukua muda kujua kwamba ni kimya. Mbuzi aliyekula namna ile alitakiwa awe anacheua mpaka ukuta unatikisika. Nikaweka sikio kwenye udongo. Hakuna gluku, hakuna nyacha. Kulikuwa na mkoromo mfupi mfupi tu, kama wa mtu anayebeba mzigo kupanda kilima.

Nilimkuta amesimama miguu imepanuka, shingo ameinyoosha, ulimi unachungulia. Ubavu wa kushoto ulikuwa umevimba kupita uti wa mgongo. Nikaupiga kwa vidole, ukalia kama ngoma. Lile shimo la kuwekea ngumi halikuwepo tena.

Bibi alipiga ukelele wa kumwita mjomba, aliyekaa ng'ambo ya korongo, na mlimani ukelele hufika kabla ya simu. Mjomba akaja mbio. Hakuja na dawa. Alikuja na kisu.

Nisieleweke vibaya, mjomba si mtu mkatili. Yeye ndiye mchinjaji wa kitongoji, Idi na misiba, na mkono wake ni mwepesi mpaka watu wanasema mbuzi hajui. Lakini kwetu mnyama akifa mwenyewe bila kuchinjwa ni kibudu, haliwi, anafukiwa na kila kitu chake, na kwa mjomba hakuna aibu kubwa kama mbuzi mzima kwenda shimoni. Aliupiga ule ubavu, akatikisa kichwa. Akaniambia nijiandae kumshika miguu.

Nikasema ana mimba. Akasema anajua, yeye ndiye aliyemleta beberu. Nikasema nimpigie kwanza bwana mifugo. Mjomba akakaa kwenye gogo, akakilaza kisu juu ya goti.

"Piga, mpwa wangu. Kisu hakina haraka. Mwenye haraka ni mbuzi."

Nilimtazama bibi anisaidie. Bibi alikuwa analia, machozi ya kweli, huku anatwanga tangawizi. Nilipomuuliza tangawizi ya nini akasema si ya kitu, mikono yake tu haitaki kukaa bure. Lakini pembeni nikaona ameshatoa na pilipili manga.

Mtandao kwetu unapatikana juu ya jiwe moja tu, juu ya nyumba, na hata hapo usimame umeelekea mjini na usipumue sana. Nikapanda mbio. Bwana mifugo alipokea, nyuma yake inasikika pikipiki na upepo. Nikamweleza maharage, nikamweleza ngoma. Akauliza, "Anacheua?"

Nikageuka nikapaza sauti kwenda chini: "Anauliza anacheua?"

Bibi akajibu kwa sauti ya kufika Matombo kwamba hajacheua tangu asubuhi.

Nikamwambia bwana mifugo hajacheua. Sauti yake ikaanza kukatika katika. Nilichokisikia ni hiki, na nimekirudia mara nyingi mbele ya watu wanaotaka kucheka: "Msaidieni... acheue... mbele juu... msugueni kush..." Halafu ikaja ile milio ya mtandao kufa. Nikashuka nusu ya jiwe, nikapeleka ujumbe kama nilivyopewa:

"Anasema tumcheulishe! Mbele juu!"

Sasa, mtu yeyote aliyelelewa na bibi anajua kumcheulisha ni nini. Mtoto mchanga akishanyonya humlazi hivi hivi. Unamweka begani, mbele juu, unampigapiga mgongoni mpaka atoe hewa, acheue, useme Alhamdulillahi, ndipo umlaze. Bibi amecheulisha watoto wake, wajukuu wake, na watoto wa majirani ambao mama zao walikuwa shambani. Neno lile alilijua kuliko bwana mifugo na serikali yake. Niliona ameweka mchi chini. Akajifunga kanga upya kiunoni, akaichukua nyingine akaitandaza begani, ile ya kuzuia matapishi.

"Mlete," akasema.

Mjomba akainuka kwenye gogo. "Mama, huyo ni mbuzi. Si mjukuu."

"Na wewe nilikucheulisha," bibi akasema, "na ulikuwa na tumbo baya kuliko hili. Shika huko nyuma."

Nadhani ilikuwa ile sauti iliyo juu ya sauti ya mjomba, ya mama yake, maana mjomba alitua kisu chini na kushika. Tulimwinua. Miguu ya mbele tukaiweka kwenye bega la bibi, ya nyuma imesimama ardhini, mjomba amemkumbatia kiunoni ili mzigo usimwelemee bibi, na mimi katikati, nimeambiwa nisugue. Nisugue wapi? Nilikumbuka ile "kush" na nikakumbuka ngumi yangu na lile shimo. Nikasugua kushoto, kwa viganja vyote viwili, kama ninavyosugua taulo. Kwa mbali ungefikiri tunacheza muziki wa taratibu na mbuzi wa watu. Bibi alikuwa anampigapiga mgongoni na kumwimbia, wimbo ule ule wa watoto, ule unaosema mama amekwenda kuleta ndizi. Mbuzi aligeuza shingo akamtazama mjomba kwa macho yale ya manjano yenye mboni ya mlazo, na mjomba akaangalia pembeni.

Hakuna kilichotokea. Bibi akaimba beti nyingine. Mikono iliniuma. Ulimi wa mbuzi ulikuwa umeanza kubadilika rangi, na nilimsikia mjomba anasema taratibu, si kwa ukali, kwamba mama, muda unatuacha. Nikajua akimwachia tu, mkono wake unaofuata ni wa kisu. Nikasugua na mimi nikaanza kuimba, vibaya.

Halafu kikapita kitu chini ya viganja vyangu, kama pipa lililoviringishwa ndani ya nyumba. Mbuzi akanyoosha shingo, akapanua mdomo pembeni kabisa ya kofia ya mjomba, akabeua.

Sijui nitumie neno gani. Ulikuwa mrefu. Ulikuwa na mwanzo na katikati. Kuku walikimbia. Ulinuka kama togwa iliyosahauliwa kwenye chungu tangu msiba wa mwaka jana, na mwisho wake ukatoka na povu la kijani, lote likatua kwenye kofia nyeupe ya mjomba, ile ya Ijumaa. Ukafuata wa pili, mdogo. Ukafuata wa tatu. Ubavu ukashuka chini ya mikono yangu kama mkate wa kumimina uliofunuliwa mapema.

"Alhamdulillahi," bibi akasema, kwa sauti ile ile ya kila siku, akamfuta mbuzi mdomo kwa kanga.

Tulimshusha. Mjomba alivua kofia, akaitazama muda mrefu. Akasema yeye alikuwa mtu wa heshima kijijini mpaka leo mchana.

Bwana mifugo alifika matope yamemrukia mpaka kwenye nyusi, ameshikilia mkoba wa dawa, amejiandaa kwa msiba. Akatukuta tumekaa chini watu watatu na mbuzi mmoja amesimama. Bibi akamweleza kwamba tumefanya kama alivyoagiza, tumemcheulisha begani. Bwana mifugo akauliza begani kwa nani. Bibi akajipiga bega. Basi yule dada alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa na kucheka mpaka akashika kifua. Alisema yeye alitaka tumsimamishe mbuzi aelekee juu ya mteremko, miguu ya mbele iwe juu, tumwekee kijiti mdomoni atafunetafune, tumsugue kushoto. Kumbeba mbuzi kama kitoto hajafundishwa chuoni, lakini kilichotakiwa kuwa juu kilikuwa juu, na hewa haina shule, ikipata njia inatoka.

Halafu akaacha kucheka. Akamwekea mbuzi kile chombo chake cha kusikilizia, kushoto, akasikiliza mara mbili. Akamnywesha mafuta ya alizeti ya bibi, kidogo kidogo, pembeni mwa mdomo, ili povu lililobaki livunjike.

"Ila mjue," akasema, "huyu amebeua. Bado hajacheua."

Akatueleza tofauti, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba neno lilikuwa moja na sisi tulikuwa tumeshika ncha mbili. Mtoto akicheua ametoa hewa, basi, kazi imekwisha. Mbuzi akitoa hewa ametoa hewa tu. Kucheua kwake ni lile tonge kurudi mdomoni, na tonge halirudi kama tumbo halitembei. Maharage mabichi yale yanaweza kuwa yamewavuruga wale vijidudu. Kama jioni tukimsikia anacheua, zizi la ndani liko hai, na yeye na mimba yake wako salama. Kama jioni hatujamsikia, na ubavu ukaanza kuvimba tena, basi tusimtese. Hakumtazama mjomba aliposema hivyo, lakini mjomba alikuwa anasikiliza. Alikichukua kisu, akakichoma kwenye shina la mgomba uliokatwa mkungu, mahali ambapo kila mtu angekiona. Akasema ataswali alasiri, ataifua kofia, atarudi. Bwana mifugo akaenda kwa ng'ombe wa mtu mwingine aliyekuwa anamsubiri upande wa pili wa mlima. Bibi aliichukua tangawizi aliyotwanga, akaifunika kwa kisahani, hakuimwaga.

Nilikaa bandani. Mbuzi alisimama na kutazama mvua. Nilimwambia habari za marumaru. Nilimwambia kuhusu koti jeupe. Nikafikiri pengine amesahau namna yake, basi nikachuma jani la mdimu, nikalitafuna mbele yake taya upande kwa upande, nikalimeza nusu, nikajaribu kujifanya limerudi. Mjomba alifika katikati ya somo hilo, akasimama mlangoni na kofia mbichi kichwani.

"Sasa nina wagonjwa wawili," akasema.

Lakini hakwenda kwenye mgomba. Aliingia jikoni, akakaa kwenye kigoda changu, akaegemea ukuta. Nikaingia na mimi nikakaa chini kwenye jamvi. Bibi alikuwa anachochea moto. Mvua ilipungua, ukungu ukaanza kupanda, na mtu wa mbali akawa anakata kuni. Nilikuwa nauchukia kila mlio wa lile shoka, maana unaweza kufunika kitu.

Mjomba ndiye aliyesikia kwanza. Nilimwona anaivua kofia taratibu na kuliweka sikio lote kwenye udongo, kama mtu anayesikiliza mlango wa watu.

Gluku.

Kimya kidogo. Halafu nyacha. Halafu nyacha, nyacha.

Mjomba alibaki na sikio lake pale, tonge la kwanza, tonge la pili. Kisha akatoka. Nilimsikia anakichomoa kisu kutoka kwenye mgomba, na nilipochungulia alikuwa anakifuta kwa jani, ingawa hakikuwa na kitu isipokuwa utomvu. Akasema mbuzi apewe maji ya vuguvugu, na maharage mama atakayong'oa tena yachimbiwe shimo. Akashika njia ya korongo. Bibi akachukua ndoo kwenda kutawadha, maana magharibi ilikuwa imekaribia, na jikoni tukabaki mimi na mafiga na ule ukuta.

Nilifunua kile kisahani. Tangawizi ilikuwa bado mbichi, inanukia, inatosha supu ya mbuzi ya kitongoji kizima. Niliikwangua yote kwa vidole, nikaitumbukiza kwenye birika la chai, nikaongeza kipande cha mdalasini. Ilipochemka nikajimiminia kikombe kikubwa, nikakaa kwenye kigoda, nikaegemeza mgongo, nikaanza kunywa, polepole, kwa kufuata taya za mwenzangu.